Mafundi waliobeba jina la ngome: Ramgarhia wa Kampala na swali la asili

Mtu mwenye kilemba na ndevu ndefu apitaye katika mitaa ya Kampala ana majina mawili tayari kabla hajajitambulisha. Waganda humwita Musingasinga. Wasemaji wa Kiswahili humwita Kalasinga. Majina hayo hayaulizi alizaliwa katika ukoo wa mkulima, wa mfanyabiashara au wa seremala. Kilemba kinatosha. Lakini jumuiya kongwe ya Masingasinga wa mji huu ilipojisajili na kujenga nyumba ya ibada, ilichagua jina la tatu, ambalo majirani wengi hawalijui maana yake: Ramgarhia.

Jina hilo si la dini. Ni la tabaka, ingawa wenye jina wengi hawapendi kulisikia likielezwa hivyo. Na kwa kuwa Afrika Mashariki imeingia katika mjadala wa kuwahesabu watu wa asili ya Asia kama kabila miongoni mwa makabila yake, swali la nani hasa ni nani ndani ya neno "Mhindi" limeacha kuwa jambo la wazee wa gurudwara peke yao. Kenya ilikwisha kuitangaza jamii hiyo kuwa kabila la 44 mwezi Julai 2017. Uganda haijafanya hivyo, na katika nchi hii orodha ya makabila si mapambo. Imo ndani ya Katiba, na ndiyo inayoamua nani ni raia kwa kuzaliwa.

Kuelewa ugumu wa jambo hili kunahitaji kurudi Punjab, kwani mabishano hayakuanzia Kampala.

Seremala, ngome na jina

Katika vijiji vya Punjab ya zamani kila kazi ilikuwa na watu wake. Mkulima, mara nyingi wa jamii ya Jat, alimiliki ardhi. Tarkhan alichonga jembe, akatengeneza mkokoteni na gurudumu la kisima. Lohar alifua chuma. Mafundi hao hawakulipwa fedha kwa kila kazi. Walipewa sehemu ya mavuno msimu ulipofika, na uhusiano huo ulirithiwa na watoto wa pande zote mbili. Hawakuwa wa chini kabisa katika ngazi ya kijiji, lakini walikuwa watu wa kuitwa na kutumwa, na binti wa mkulima hakuolewa nyumbani kwao.

Mafundisho ya Guru Nanak yalipinga ngazi hiyo waziwazi. Simulizi inayopendwa mno na mafundi wa Kisingasinga ni ile ya Bhai Lalo, seremala maskini ambaye Guru alikubali kula mkate wake mkavu na kuukataa mlo wa tajiri. Mlo wa pamoja katika gurudwara, ambapo wote huketi sakafuni katika safu moja, ulikusudiwa kuvunja mwiko wa nani ale na nani. Mwaka 1699, Guru Gobind Singh alipoasisi Khalsa, wanaume waliobatizwa walipewa jina moja la Singh ili majina ya koo yasitumike kupimana. Mafundi wengi waliingia katika dini hiyo kwa sababu zinazoeleweka.

Karne ya 18 ikawapa shujaa wao. Jassa Singh, aliyezaliwa mwaka 1723 katika familia ya maseremala na kufariki mwaka 1803, alipanda hadi kuwa mmoja wa wakuu wa vikosi vya Masingasinga vilivyogawana Punjab wakati dola ya Mughal ikidhoofika. Kabla ya hapo aliitwa Jassa Singh Thoka, yaani Jassa Singh seremala. Ngome ya Amritsar iliyozingirwa mwaka 1748, na ambayo baadaye aliijenga upya, iliitwa Ramgarh. Naye akaitwa Ramgarhia: mtu wa Ramgarh. Jina la kazi likaondoka, jina la ngome likaingia.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala. Jassa Singh alikuwa mtu mmoja mwenye jeshi moja, na ndani ya jeshi lake walikuwamo watu wa koo nyingi. Ilikuwaje basi jina lake likawa jina la maseremala na wahunzi wote wa Kisingasinga, pamoja na waashi wengi? Mwanahistoria W. H. McLeod, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1974, alionyesha kwamba kuenea kwa jina hilo ni tukio la karibu kuliko wengi wanavyodhani. Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, mafundi waliokuwa wakipata fedha kutokana na kazi za Waingereza, katika reli, mifereji na karakana, walianza kuliacha jina Tarkhan na kujiandikisha kama Ramgarhia. Halikuwa jambo la udanganyifu. Ni watu waliotafuta kuitwa kwa heshima waliyokwisha kuipata kwa mikono yao.

Lakini jina moja halikutosheleza wote. Ndugu zao waliobaki Wahindu walichukua njia nyingine: wakajiita Dhiman au Jangra, na wakadai kuwa ni Wabrahmana, kizazi cha Vishwakarma, mungu mjenzi wa ulimwengu. Wengine wakasimulia asili ya Kirajput, kwamba wazee wao walikuwa wapiganaji waliolazimika kushika randa na nyundo. Madai haya yote yapo mpaka leo, na yanapingana. Mtu hawezi kuwa Mbrahmana, Mrajput na Msingasinga asiye na tabaka kwa wakati mmoja, ingawa zipo familia zilizojaribu yote matatu katika vizazi vitatu.

Ushahidi uliopo unaelekea upande mmoja. Ramgarhia ni watu walioungana kwa kazi kabla ya kuungana kwa damu, wakapata jina kutoka kwa shujaa aliyetoka kwao. Madai ya Ubrahmana na Urajput yanaeleza zaidi kile ambacho jamii ya wakati huo ilikithamini kuliko mahali walikotoka mababu.

Waliondoka kabla ya mambo kukamilika

Jambo moja aghalabu husahaulika wanaposimuliwa Makalasinga wa Afrika Mashariki. Reli ya Uganda ilijengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi, wengi wao Punjab, na miongoni mwao maseremala, wahunzi na waashi walikuwa bidhaa adimu. Takriban 2,500 walikufa. Wengi wa waliobaki hai walirejea kwao mikataba ilipokwisha. Waliosalia walikuwa kiasi cha 6,700.

Miaka hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ya kuchora mipaka huko Punjab. Chama cha Singh Sabha, kilichoanzia Amritsar mwaka 1873, kilikuwa kikisisitiza kwamba Masingasinga si tawi la Uhindu. Kijitabu mashuhuri cha Kahn Singh Nabha chenye hoja hiyo kilitoka mwaka 1898, wakati reli ikiwa bado njiani. Kabla ya hapo, haikuwa ajabu katika nyumba moja ya fundi kumkuta mtoto mmoja mwenye kilemba na nduguye asiye nacho, wote wakimheshimu Guru na wote wakiziweka zana zao chini siku ya Vishwakarma. Kisha mwaka 1900 serikali ya kikoloni ikapitisha sheria ya kuzuia ardhi ya Punjab isihamishwe kwa watu wasiotoka katika "makabila ya wakulima". Mafundi hawakuwamo katika makabila hayo. Fundi aliyeweka akiba hakuweza tena kununua shamba kijijini kwao kwa urahisi. Kwa mtu wa namna hiyo, Mombasa haikuwa mbali.

Kwa hiyo waliokuja huku waliondoka wakati swali la wao ni akina nani lilikuwa bado mezani. Walilibeba kama lilivyo.

Na huku walikuta neno ambalo Punjab haikuwa nalo. Kiswahili kiliwaita mafundi. Neno fundi halina unyonge. Anayeitwa hivyo huamkiwa, huombwa, na hufunza wanagenzi. Katika kambi za reli, kisha katika karakana za Nairobi, Kisumu, Jinja na Kampala, yule aliyekuwa mtumishi wa mkulima akawa msimamizi. Wakulima wa Kijat walikuwa wachache huku, wengi wao wakija kama askari na polisi. Mizani ya Punjab ikageuka juu chini: Ramgarhia wakawa wengi, wakawa na fedha, na wakaongoza gurudwara. Msomi Parminder Bhachu, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu Makalasinga wa Afrika Mashariki waliohamia Uingereza, alionyesha jinsi hali hiyo ilivyozaa jumuiya yenye kujiamini na iliyoshika mila zake kuliko hata wale waliobaki nyumbani.

Reli ilipofika Kampala yenyewe, mwaka 1931, mafundi hao walikuwa wamekwisha kutangulia. Walivuka ziwa kwa meli, wakajenga maghala ya pamba, viwanda vya kuchambua pamba, mashine za mbao na nyumba za biashara. Sehemu kubwa ya Kampala ya kabla ya uhuru iliyosimama mpaka leo ilipitia mikononi mwao na mwa mafundi wa Kigujarati, ambao nao wana simulizi zao za Vishwakarma na mabishano yao yenyewe.

Kwa nini gurudwara iitwe kwa jina la tabaka?

Swali hili huulizwa na vijana wa Kisingasinga wenyewe, na lina haki ya kuulizwa. Ikiwa dini inakataa tabaka, kwa nini mlangoni paandikwe Ramgarhia? Hali ni hiyohiyo Nairobi, na ni hiyo katika miji ya Uingereza, ambako gurudwara yenye jina la Ramgarhia husimama mtaa mmoja au miwili kutoka ile ya Singh Sabha.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba milango iko wazi kwa wote, jambo ambalo ni kweli. Yeyote anaingia, anavua viatu, anafunika kichwa, anakula. Lakini tabaka halikai katika mlo. Linakaa katika ndoa na katika kamati. Mtoto wa Ramgarhia alitarajiwa kuoa Ramgarhia, ila asioe ndani ya ukoo wake mwenyewe.

Mganda anayesoma haya hatayaona mageni. Naye ana ekika na muziro wake, na haoi ndani ya ukoo wake. Tena Buganda ina kazi za kurithi zilizofungamana na koo: ukoo wa Ngeye ndio wenye haki ya kuezeka nyasi nyumba za Kabaka, kama katika makaburi ya Kasubi, ukoo wa Ngonge unaye Kaboggoza, mkuu wa mafundi wa kitambaa cha gome la mti, na mhunzi mkuu wa Kabaka, Walukaga, hutoka katika ukoo wa Kasimba. Tofauti ni kwamba katika Buganda kazi ya mikono iliyorithiwa humsogeza mtu karibu na kiti cha enzi. Katika Punjab ilimsogeza mbali na shamba. Pengine Ramgarhia wa Kampala wangeeleweka vizuri zaidi na majirani zao kama wangejieleza kwa lugha ya ekika badala ya kukaa kimya. Ukimya huo ulikuja kuwagharimu.

Mwezi Oktoba 1971 Idi Amin aliamuru kufanywe hesabu ya Waasia peke yao. Desemba mwaka huohuo aliwaita wawakilishi wao Kampala, na miongoni mwa lawama alizozisoma mbele yao ilikuwa kwamba hawakubali binti zao kuolewa na Waafrika. Hakuna aliyesimama kueleza kwamba fundi wa Kiramgarhia asingemwoza binti yake hata kwa Msingasinga wa Kijat, wala Mlohana wa Kihindu kwa Mpatel. Maelezo hayo yasingewasafisha. Huenda yangewaongezea aibu. Lakini yangeonyesha kwamba kile Waganda walichokiona kama ukuta mmoja wa Wahindi dhidi ya Waafrika kilikuwa kuta nyingi ndani ya nyumba moja. Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kuwafukuza, akiwapa siku 90. Katika foleni za viza hakuna aliyeulizwa tabaka. Wapatao 28,000 waliingia Uingereza, na maelfu wengine Kanada.

Nchi tatu, madaftari matatu

Waliofika Uingereza walikuta daftari jipya. Mwaka 1983 mahakama ya juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Mandla dhidi ya Dowell Lee, iliamua kwamba Masingasinga ni kundi la kikabila lenye historia na utamaduni wake, hivyo wanalindwa na sheria ya ubaguzi wa rangi. Swali la tabaka likaja baadaye. Bunge liliiagiza serikali mwaka 2013 iliingize tabaka katika sheria ya usawa. Mwaka 2018 serikali ikaamua kutofanya hivyo, ikisema maamuzi ya mahakama yanatosha. Mashirika ya Wahindu na Masingasinga waligawanyika. Wapo waliosema sheria hiyo ingefufua kitu kilichokwisha kufa. Wapo waliosema kitu kilichokufa hakihitaji gurudwara yenye jina lake.

India imekwenda kinyume. Huko mafundi hawa, kwa majina yao yote, wamo katika orodha za serikali za tabaka zilizo nyuma kimaendeleo, na kuwamo humo kuna faida ya nafasi za masomo na kazi. Mmoja wao, Giani Zail Singh, alikuwa rais wa nchi kati ya mwaka 1982 na 1987. Hivyo familia moja iliyotawanyika inaweza kuwa na binamu Ludhiana anayehitaji hati ya kuthibitisha tabaka lake, binamu Birmingham anayesema tabaka ni historia, na binamu Kampala anayetaka tu aandikwe kuwa mtu wa hapa.

Huyu wa tatu ndiye mwenye kazi ngumu. Ibara ya 10 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inamtambua kama raia kwa kuzaliwa mtu ambaye mzazi au babu yake alitoka katika jamii za asili zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu: 56 hapo mwanzo, kisha 65 baada ya marekebisho ya mwaka 2005. Banyarwanda wamo. Waasia hawamo, hata wale ambao babu zao walikuwa wakipiga randa Kampala kabla ya tarehe hiyo. Njia nyingine, ya kusajiliwa, inamtaka aliyezaliwa Uganda awe ameishi nchini mfululizo tangu tarehe 9 Oktoba 1962. Neno "mfululizo" ni zito kwa mtu ambaye familia yake ilipandishwa ndege kwa amri ya rais. Waliorudi tangu miaka ya 1990, na hata kurudishiwa nyumba zao chini ya sheria ya mali zilizotaifishwa ya mwaka 1982, walirudishiwa matofali kabla ya kurudishiwa nchi.

Ombi la kuongezwa katika Jedwali hilo limewahi kutolewa, na linastahili kusikilizwa kwa haki. Lakini likikubaliwa, patatakiwa jina. "Wahindi" litawaudhi wanaotoka upande ambao leo ni Pakistan, na Masingasinga ambao wazee wao walitumia karne nzima wakisema wao si Wahindu. Kwa Kiswahili na Kiganda maneno hayo mawili yanakaribiana mno. "Waasia" ni neno la wakoloni, linalomjumlisha mtu wa Goa na mtu wa Karachi. Na kila jumuiya ikitaka jina lake, yaani Ramgarhia, Lohana, Patel, Ismailia, Bohora, Jedwali litakuwa limeyaingiza matabaka ya Bara Hindi ndani ya Katiba ya Uganda, jambo ambalo halijawahi kufanywa hata na Waingereza hapa.

Kenya ililipita swali hili kwa kutumia neno pana na kutoligusa zaidi. Yamkini Uganda itafanya vivyo hivyo. Hata hivyo uzoefu wa Ramgarhia wenyewe unaonya kwamba jina lililoandikwa na serikali halikai lilivyoandikwa. Makarani wa sensa ya Punjab walidhani wanahesabu maseremala. Waliohesabiwa wakajigeuza watu wa ngome. Jina "Waasia wa Uganda" likiingia katika Jedwali la Tatu, litakuwa na wazee wake, kamati zake, ugomvi wake wa nani aongoze, na pengine, baada ya vizazi viwili, simulizi yake ya asili.

Kwa sasa katika gurudwara ya Kampala mlo unaendelea kupikwa. Wanaokula humo si Ramgarhia peke yao: wapo Wapunjabi wageni waliokuja karibuni kwa biashara, wengi wao wakiwa wa koo za wakulima ambazo babu za wenyeji waliwatengenezea majembe, na wapo Waganda wa jirani. Wageni hao wanaongezeka, na ipo siku kamati itabidi iamue kama wanaweza kupiga kura ya kuchagua viongozi wa nyumba isiyo na jina lao.